Senti 55 kwa maili ni mshahara gani?

Vijana wa nyumbani Tanzania wanaotaka kuja Marekani kuendesha malori huanza na swali moja: wanalipa ngapi kwa maili? Halitoshi, maana maili hulipwa gurudumu likizunguka tu.

Chukua mfano wa senti 55 kwa maili 2,400 za wiki. Hizo ni dola 1,320 kabla ya makato. Sheria inaruhusu kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, kisha upumzike saa 10 mfululizo. Ukijumlisha kukagua gari, kujaza mafuta na kusubiri kushusha, wiki hiyo inafika kirahisi saa 65 za kazi, yaani kama dola 20 kwa saa. Mtu wa ghala anayelipwa dola 21 kwa saa, akifanya saa 50, anapata 840 za saa 40 za mwanzo na 315 za saa 10 za ziada, kwa sababu saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Jumla ni 1,155, na kila siku analala kwake. Dereva anayevusha mizigo mikubwa toka jimbo hadi jimbo hana haki hiyo ya saa za ziada katika sheria ya shirikisho ya 1938. Kwangu hiyo ni dhuluma iliyozoeleka.

Pesa nyingi hupotelea kwenye kusubiri. Kampuni nyingi hulipa muda wa kusubiri baada ya saa 2 kupita, tena kwa ushahidi. Kama saa ya kuingia na ya kutoka hazikuandikwa kwenye hati ya mzigo zikasainiwa na mpokeaji, huna cha kudai. Uliza pia maili zinahesabiwaje: zipo kampuni zinazolipa kwa njia fupi ya kwenye ramani, ambayo trela la futi 53 halipiti, kwa hiyo dashibodi inasoma nyingi kuliko malipo.

Hatari kubwa zaidi kwa mgeni ni kulipwa kwa fomu ya kodi 1099, kama mkandarasi anayejitegemea badala ya mwajiriwa. Kiwango kwa maili huonekana kikubwa, lakini michango ya pensheni na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 15.3, unaibeba yote. Mwajiriwa hukatwa 7.65 na mwajiri hulipa nusu nyingine. Ukivunjika mguu ukifunga turubai, kwa kawaida hakuna fidia ya kazini. Kama gari ni lao, mzigo wanapanga wao na saa wanaamua wao, uwezekano mkubwa ni kwamba kisheria wewe ni mwajiriwa, na fomu SS-8 ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ipo kwa ajili ya kuomba uamuzi huo.

Bima ya afya kazini yaweza kuanza hadi siku 90 baada ya kuajiriwa, na katika siku hizo unajitegemea. Likizo ya mwaka yenye malipo? Sheria ya shirikisho haidai hata siku moja.

Hapo Tanzania imewazidi mbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 za likizo kwa mwaka, na siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili. Shida ni kwamba madereva wengi wa safari za Zambia na Kongo huishi kwa posho ya safari. Mshahara ulioandikwa ni mdogo, mchango wa pensheni wa NSSF unakokotolewa juu ya udogo huo, na posho inaisha lori likiwa bado kwenye foleni Tunduma, mpakani na Zambia. Madereva waligoma mwaka 2015 wakidai, pamoja na mengine, mikataba ya ajira. Walikuwa na haki.

Malori mengi ya nyumbani yamefungwa GPS kulinda mafuta. Kifaa hichohicho kinaonyesha gari limesimama mpakani siku ngapi. Malipo ya kusubiri yaandikwe kwenye mkataba, kiwango chake kwa siku kitajwe, na rekodi ya GPS iwe ushahidi ambao dereva anapewa nakala yake.