Madaraja ya kulipia gemu hayana ubaya, ubaya uko kwenye saa

Kwenye mabanda ya gemu ya Ngamiani, hapa Tanga, huko ambako barabara zina namba badala ya majina, kuna ubishi usiokwisha. Upande mmoja unasema kampuni za gemu za mtandaoni zinatunyonya: unaingia bure, kisha kila kizuri kina bei, na kizuri zaidi kina bei kubwa zaidi. Upande wa pili unawacheka: seva haziendeshwi kwa dua, kuna watu wanalipwa mishahara, asiyetaka kulipa abaki na cha bure. Wote wana hoja. Naona tu wanabishania mambo mawili yaliyofungwa furushi moja. Ukilifungua, la kwanza linateteeka vizuri. La pili ndilo lenye matata.

La kwanza ni ada za madaraja. Mchezaji wa daraja la bure anapata gemu yenyewe, wa daraja la kati anapata nyongeza, wa juu anapata zaidi. La pili ni matukio maalumu ya kulipia: tamasha la wikendi, msimu wenye zawadi zake, gurudumu la bahati linalowekwa kwa siku chache kisha kuondolewa. Yote mawili yanatoza fedha, lakini hayamgusi mteja mahali pamoja.

Zamani hapakuwa na madaraja. Gemu ya Ultima Online ya mwaka 1997 ilitoza dola 9.95 kwa mwezi, World of Warcraft ya 2004 ikatoza dola 14.99, na kila mchezaji alilipa sawa. Kwa mwenye kipato cha Marekani huo ulikuwa usawa. Tuipige hesabu hiyo hapa kwetu. Dola 14.99 kwa viwango vya mwaka 2025 ni kati ya Sh36,000 na Sh41,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni Sh500,000 kwa mwezi. Ada hiyo basi inakula karibu siku mbili za kazi yake. Marekani, ambako kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ni saa mbili na dakika kadhaa. Na hapo nimemtaja mtumishi wa umma. Kijana anayepakua samaki Sahare, au anayeendesha bodaboda Chumbageni, hana hata hiyo laki tano ya uhakika.

Kwa hiyo bei moja kwa wote maana yake ilikuwa kwamba Tanga haichezi, na kweli hatukucheza. Gemu hizo zilijulikana hapa kwa picha za magazetini. Kilichotuingiza uwanjani ni daraja la bure na daraja dogo. RuneScape ilifanya hivyo mapema, mwaka 2002, ilipoanzisha uanachama wa kulipia bila kufunga mlango wa wasiolipa. Leo Free Fire, gemu ya simu ya kupigana kwa bunduki, ina uanachama wa wiki na wa mwezi, na huo wa wiki unaendana na mfuko wa mtu ambaye fedha inaingia leo na kutoka leo. Anayesema madaraja yafutwe, wote walipe sawa, ajue anamtetea nani.

Wanaopinga madaraja wana jibu lao, na si jibu jepesi. Mwaka 2002 gemu ya EverQuest ilifungua huduma iliyoitwa Legends, yenye seva yake, kwa dola 39.95 kwa mwezi, zaidi ya mara tatu ya ada ya kawaida. Waliojiunga waliahidiwa matukio yanayoendeshwa na wafanyakazi wenyewe wa kampuni. Malalamiko ya wachezaji wengine yalikuwa haya: saa za wafanyakazi hazizaliani, kwa hiyo kila tukio linalopelekwa kwa tajiri limetolewa kwa maskini. Hofu hiyo ina mantiki mpaka leo. Daraja la juu likishakuwa ndilo linaloleta fedha, kampuni huanza kulifanya la chini liudhi kwa makusudi: matangazo yanazidi, foleni inakuwa ndefu, begi la kuhifadhia vitu linajaa haraka. Mteja hanunui raha tena, ananunua kuondolewa kero aliyowekewa na muuzaji yuleyule.

Pamoja na hayo bado nayatetea madaraja, kwa sharti moja. Timu yetu ya Coastal Union ikicheza uwanja wa Mkwakwani, mtazamaji wa mzunguko na wa jukwaa kuu hawalipi sawa, wala hakuna anayenung'unika, maana wa jukwaa kuu amenunua kivuli na kiti, hajanunua bao. Gemu nyingi za simu zimevuka mstari huo. Ndani ya Free Fire zipo skini, yaani mapambo, za bunduki zinazoongeza uwezo wa silaha, si rangi yake tu. Hapo si haki tena kumwambia wa mzunguko "kubali kushindwa". Hata hivyo kosa hilo linaonekana. Mchezaji anajua kapigwa na nini, na akichoka ataifuta gemu kwenye simu yake.

Matukio ya kulipia ndiyo yanayohitaji kuangaliwa kwa jicho kali zaidi, na hapa niwe mwadilifu kwa kampuni kabla ya kuzishambulia. Tukio halisi lina gharama halisi. Julai 22, 2017, gemu ya simu ya Pokémon GO ilifanya tamasha la kwanza la GO Fest katika bustani ya Grant Park, Chicago, tiketi dola 20. Maelfu walifika na mtandao ukazidiwa, wengi wakashindwa hata kuingia kwenye gemu. Kampuni ya Niantic ikarudisha fedha za tiketi, ikaongeza sarafu za ndani ya gemu zenye thamani ya dola 100. Lilikuwa janga, lakini tazama kilichofuata: kwa kuwa kilichouzwa kilieleweka, yaani siku, mahali na bei, deni lilieleweka pia. Mteja alijua alichokosa na muuzaji alijua anachodaiwa.

Tamasha hilo lilipohamia mtandaoni mwaka 2020, tiketi ikawa dola 14.99. Mwaka 2021 ikashushwa hadi dola 5, na 2022 ikarudi dola 14.99. Bei ya tukio la mtandaoni, kumbe, haifuati gharama peke yake, inafuata pia kampuni inakisia watu watavumilia kiasi gani. Na lipo tukio kubwa kuliko hayo ambalo halikuwa na kiingilio kabisa: onyesho la mwanamuziki Travis Scott ndani ya gemu ya Fortnite, Aprili 2020, lililotazamwa na watu zaidi ya milioni 12 kwa wakati mmoja. Kampuni iliona faida yake kwingine, kwenye skini na kwenye watu waliorudi kucheza.

Hata mabanda yetu yana matukio ya kulipia. Mwenye banda akiandaa pambano la mpira la Jumamosi anatoza kiingilio, anataja zawadi, anaandika majina ukutani. Aliyefungwa katoka, aliyeshinda kachukua. Sijapata kusikia mtu akiita huo wizi.

Wizi unanukia pale neno "tukio" linapobandikwa kwenye kitu ambacho hakitukii. Hakuna onyesho, hakuna mashindano, hakuna mfanyakazi aliyekesha. Kuna skini iliyokwisha kuchorwa, gurudumu la kuzungusha, na saa inayorudi nyuma: zimebaki siku tatu, zimebaki saa nane. Skini hiyo haiozi. Seva haitaishiwa nayo. Saa imewekwa ili ulipe kabla hujafikiri. Na hapa ndipo daraja la chini, lile nililolitetea, linageuka kuwa chambo: wa daraja la juu ana uwezo wa kungoja tukio lijalo, lakini aliyejibana kwa uanachama wa wiki ndiye anayeona kwamba akikosa leo amekosa moja kwa moja. Anamfuata wakala, anajaza almasi, sarafu ya ndani ya Free Fire, kwa fedha ya bando.

Kampuni husema bila muda wa mwisho watu hawakusanyiki na gemu inadoda. Ni kweli kwa tukio lenyewe, kwa sababu sherehe bila siku yake si sherehe. Lakini si kweli kwa bidhaa zinazouzwa kupitia sherehe hiyo, na ushahidi uko kwa kampuni zenyewe. Halo Infinite ya 2021 ilitoka na pasi za msimu, tiketi za kufungulia zawadi kadiri unavyocheza, zisizoisha muda: ukinunua, unaimaliza utakapoweza. Helldivers 2 ya 2024 ina vitabu vyake vya zawadi ambavyo navyo haviishi muda. Agosti 2024 hata Fortnite ilitangaza kwamba vitu vya pasi za msimu kuanzia wakati huo vinaweza kurudi dukani baada ya miezi 18 au zaidi. Waliolipia upekee walikasirika, na kwa upande wao sishangai, kwani waliuziwa upekee. Swali ni kwa nini uliuzwa.

Wapo wanaotaka dawa kali, marufuku. Ubelgiji ilijaribu. Aprili 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilisema masanduku ya bahati, yale unayolipia bila kujua utakuta nini ndani, ni kamari isiyo na kibali. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ukakuta kwamba asilimia 82 ya gemu 100 za iPhone zilizoingiza fedha nyingi zaidi nchini humo bado zilikuwa na masanduku hayo. Sheria ilikuwepo, mkono wa kuifikisha dukani haukuwepo. Marekani imepita njia ya kesi mojamoja: Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 520, kati ya hizo milioni 245 zikiwa za kuwarejeshea wateja waliovutwa kununua wasichokusudia, na Januari 2025 wachapishaji wa gemu ya Genshin Impact wakakubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia masanduku ya bahati walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi.

Kwetu, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 pamoja na marekebisho yake inafikiria kasino, bahati nasibu, mashine na mikeka. Mtoto wa miaka 14 haruhusiwi kubeti, lakini anazungusha gurudumu la almasi kwa simu ya mama yake, na hakuna ofisi inayoona hilo ni jambo lake. Wakati huohuo tangu Julai 2022 serikali inatoza kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali hapa nchini kodi ya asilimia 2 ya mapato, pamoja na VAT. Kwa hiyo wa kukusanya yupo. Hilo la kukusanya bila kulinda ndilo ningependa wabunge wetu waulizwe, maana hoja ya "kampuni ziko ng'ambo, hatuzifikii" imekwisha kujibiwa na mamlaka ya kodi.

Sitaki marufuku. Ningeanza na bei. Almasi, sarafu, UC na fedha nyingine za ndani ya gemu zina kazi moja kubwa: kumfanya mtu asahau anatoa shilingi. Zinauzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya kitu, ili chenji ibaki ikikuita. Machi 2025 mtandao wa mamlaka za kulinda walaji wa Umoja wa Ulaya ulitoa misingi kwamba bei ionyeshwe pia kwa fedha halisi, na mteja asilazimishwe kununua fungu asilolihitaji. Mwezi uleule Tanzania ilitoa kanuni za kuzuia bidhaa na huduma za ndani kutajwa bei kwa fedha za kigeni. Nyumba ya kupanga Raskazone sasa inatajwa kwa shilingi. Skini inatajwa kwa almasi. Mzazi aliyeona "Sh14,000" kwenye kitufe ana nafasi ya kusema hapana, lakini aliyeona "520" hana hata pa kuanzia.

Kisha daraja la bei kwa kila nchi, ambalo nalo lina maadui wenye sababu. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilikuwa na bei nafuu kwa Argentina na Uturuki, na watu wa nchi tajiri wakawa wanajifanya wakazi wa huko ili wanunue kwa bei hiyo. Novemba 2023 maduka ya nchi hizo mbili yakahamishiwa kwenye dola, na kampuni ikataja kuyumba kwa sarafu zao. Kwa wachapishaji, somo lilikuwa kwamba bei ya maskini huvuja. Ila huvuja zaidi pale malipo yanapopita kwenye kadi na anwani ya kubuni. Laini zetu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, zoezi lililofikia kilele Januari 2020, na pochi ya simu imefungwa kwenye laini hiyo. Mtu wa London anaweza kuidanganya intaneti kwamba yuko Tanga, lakini kupata pochi ya simu ya Tanzania kwa jina lake ni kazi nyingine. Kampuni iliyokwisha kukubali malipo ya simu inaweza kuweka daraja la Kitanzania na kulifungulia pochi hizo peke yake.