Gharama ya kubadili mwenza: miaka mitano ya Nikita Katsalapov

Nikita Katsalapov wa Moscow aliondoka Sochi mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 22 na medali mbili za Olimpiki: dhahabu ya timu na shaba ya dansi ya barafuni, zote akiwa na Elena Ilinykh. Msimu haujapoa, jozi ikavunjika. Akachukua mwenza mpya, Victoria Sinitsina, na kuanzia hapo mpaka Machi 2019 hakupanda jukwaa la washindi la Ubingwa wa Ulaya wala la Dunia.

Mashabiki wa mchezo huu bado wanabishana kuhusu uamuzi ule. Kuna wanaouita usaliti uliopata adhabu yake, na kuna wanaouita ujasiri uliolipa mwishoni kwa taji la dunia. Mimi naona pande zote mbili zinazungumzia tabia ya mtu mahali ambapo jibu liko miguuni. Kubadili mwenza katika dansi ya barafuni kuna bei yake, bei hiyo inaeleweka kiufundi, na miaka mitano ni bei ya kawaida kabisa.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi huuchanganya na mashindano yanayoitwa ya jozi, ambayo ni mchezo mwingine wa mwanamume na mwanamke. Kwenye mchezo huo mwanamume humrusha mwenzake hewani na kumbeba juu ya kichwa. Kwenye dansi hayo hayaruhusiwi: mbebaji hawezi kumshikilia mwenzake kwa mikono iliyonyooshwa kabisa juu ya kichwa chake mwenyewe. Mbebo mfupi una sekunde 7 tu, mrefu sekunde 12, na ukizidisha unakatwa pointi 1. Wakiachiana mikono, umbali kati yao haupaswi kuzidi urefu wa mikono miwili, isipokuwa katika vipengele vichache vilivyoruhusiwa. Kwa hiyo mashindano yanaamuliwa na vitu viwili: kina cha kingo za bledi na ukaribu wa watu wawili wanaokwenda kasi wakiwa wameshikana.

Bledi ya kiatu cha kuteleza ina kingo mbili, wa ndani na wa nje, na kati yake mfereji mdogo. Mchezaji mzuri huinamia ukingo mmoja mpaka mwili mzima uegemee, goti limekunjwa, na barafu inabaki na mstari mmoja safi. Akisimama bapa, kingo zote mbili zinagusa na mistari inakuwa miwili. Jopo la ufundi linaliona hilo. Bledi za dansi hukatwa fupi zaidi nyuma ya kisigino kuliko za wachezaji wengine, takriban sentimita 2 na nusu, kwa sababu mguu wa mmoja unapita katikati ya miguu ya mwenzake mara kwa mara. Mkia ukiwa mrefu, mmoja anakanyaga chuma cha mwenzake na wote wawili wanaanguka. Anguko la mmoja linakata pointi 1, la wote wawili pointi 2.

Sasa fikiria unampoteza mtu ambaye umejifunza kupitisha bledi sentimita chache kutoka yake. Kila kitu kinabadilika. Mwenza mpya anakunja goti kwa wakati wake mwenyewe, hatua yake ina urefu wake, nyonga yake iko juu au chini ya pale ulipozoea. Mkiwa mmeshikana kifua kwa kifua, tofauti ndogo ya muda wa kukunja goti inatosha kumfanya mmoja amvute mwingine. Ukivutwa unanyanyuka ukingoni, na ukinyanyuka ukingoni mgeuko unaotakiwa kufanywa kwa ukingo wa nje unakuwa wa bapa. Ngazi ya ugumu inayotolewa na jopo la ufundi inashuka kutoka 4, ya juu kabisa, hadi 3 au 2, na majaji nao wanashusha alama ya ubora. Hakuna aliyeanguka, mtazamaji wa kawaida hajaona kosa, lakini pointi zimeshaondoka.

Mibebo inauma vilevile. Ili kupata ngazi ya juu, mwanamume mara nyingi anabeba akiwa amesimama kwa mguu mmoja, au amechuchumaa, au anateleza huku nyayo zimetazama pande tofauti. Uzito unaobebwa lazima ukae juu ya ukingo ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwili mpya una kitovu kipya cha uzito. Mazoezi yanarudi sakafuni kwanza, kisha barafuni polepole, kisha kwa kasi, na mwisho kabisa ndani ya muziki mwishoni mwa dakika 4 za dansi huru, sehemu ya pili ya shindano, wakati mapaja yamekwisha.

Halafu twizoli. Hii ni mizunguko ya haraka ya mguu mmoja ambayo lazima iendelee kusafiri juu ya barafu, wawili wakiwa sambamba. Ikiacha kusafiri inakuwa mizunguko ya mahali pamoja. Ikikatika katikati inahesabiwa kuwa migeuko ya kawaida. Kosa lake kubwa linajulikana: mmoja anasikia amechelewa, anaharakisha, uzito unarudi kisiginoni, mguu wa pili unagusa barafu. Katsalapov alisumbuliwa na twizoli kwa muda mrefu, na si kwa kukosa kipaji. Ana kingo nzuri kuliko wanaume wengi wa kizazi chake. Ila twizoli inadai kasi ya mzunguko ifanane na ya mwenza, na yeye ilibidi aanze upya kusawazisha kasi hiyo akiwa tayari bingwa wa Olimpiki anayetazamwa na kila mtu.

Wanaosema aliacha jozi kamilifu wasome matokeo. Ilinykh na Katsalapov walikuwa mabingwa wa dunia wa vijana mwaka 2010 huko The Hague. Kwa wakubwa, Ubingwa wa Dunia uliwapa nafasi ya 7 mwaka 2011, ya 5 mwaka 2012, ya 9 mwaka 2013 na ya 4 mwaka 2014. Hawakuwahi kupata medali ya dunia ya wakubwa. Ulaya walipata shaba moja na fedha mbili. Walipokuwa kwenye siku yao walikuwa moto: dansi yao huru ya Sochi kwa muziki wa balei wa Tchaikovsky ilipata 110.44, jumla 183.48, nyuma ya Davis na White wa Marekani na Virtue na Moir wa Kanada. Lakini kutoka nafasi ya 5 hadi ya 9 ndani ya mwaka mmoja ni dalili ya jozi inayoishi kwa msisimko. Sochi ilikuwa kilele chao, na naamini Katsalapov alilijua hilo kabla ya wengine.

Kilichofuata kilikuwa ubadilishanaji kamili. Sinitsina alikuwa akicheza na Ruslan Zhiganshin, mabingwa wa dunia wa vijana wa mwaka 2012. Katsalapov akamchukua Sinitsina, Ilinykh akabaki na Zhiganshin. Urusi ilikuwa imeshaliona jambo hili. Ilya Averbukh alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mara mbili pamoja na Marina Anissina, mwaka 1990 na 1992, akamwacha akacheze na Irina Lobacheva. Anissina akahamia Ufaransa, akampata Gwendal Peizerat. Kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 Anissina na Peizerat walichukua dhahabu, Lobacheva na Averbukh fedha. Hesabu miaka: kumi. Oksana Domnina na Maxim Shabalin walianza pamoja mwaka 2002 wakapata taji la dunia mwaka 2009. Miaka saba. Ukiweka mifano hii mezani, Sinitsina na Katsalapov, kutoka 2014 hadi fedha ya dunia ya 2019 na taji la 2021, wanakaa mahali pao bila ajabu yoyote.

Mwanzoni ilionekana kwamba Ilinykh ameshinda ugomvi. Yeye na Zhiganshin walitwaa ubingwa wa Urusi katika msimu wao wa kwanza, wakawa wa 4 Ulaya na wa 7 duniani mwaka 2015. Sinitsina na Katsalapov hawakuwamo hata kwenye timu ya Ulaya mwaka huo. Nchi moja haipeleki zaidi ya jozi tatu, na ili kupata nafasi hizo tatu za Ubingwa wa Dunia, jumla ya nafasi za jozi zake mbili bora za mwaka uliotangulia isizidi 13. Ndani ya Urusi foleni ni ndefu, na shirikisho halina sababu ya kumsubiri mtu anayejifunza upya kushikana mikono. Kwenye Ubingwa wa Dunia wa Boston 2016 Sinitsina na Katsalapov walimaliza wa 9. Olimpiki ya 2018 hawakwenda.

Hapa ndipo ninapowalaumu waliokuwa wakiandika wakati ule. Jozi ya Ilinykh na Zhiganshin ilihukumiwa kuwa bora kwa sababu ilifanikiwa haraka, na jozi nyingine ikaitwa kosa. Mafanikio ya mwaka wa kwanza baada ya kubadili mwenza hayaaminiki. Mwaka wa kwanza watu wawili wazoefu wanaweza kufunika mapengo kwa uigizaji na sifa walizokuja nazo. Mapengo yanaonekana mwaka wa pili na wa tatu, pale ngazi za hatua zinapokataa kupanda. Ilinykh na Zhiganshin nao hawakufika Olimpiki ya 2018, na Ilinykh, mchezaji mwenye uso na mwili uliojaza ukumbi wote, hakupata tena medali kubwa. Yeye ndiye aliyelipa bei kubwa kuliko wote wanne, na hilo hutajwa kwa nadra mno.

Kilichowafungua Sinitsina na Katsalapov ni kurudi kwa Alexander Zhulin, kocha aliyewahi kumfundisha Katsalapov wakati wa Ilinykh. Zhulin mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa 1993 na Maya Usova, na ndiye aliyewafikisha Tatiana Navka na Roman Kostomarov kwenye dhahabu ya Olimpiki ya Torino 2006. Alichofanya, kwa jinsi ninavyoziona programu zao, ni kupunguza. Tamthilia ilipungua, muziki ukawa wa kutulia, Bach msimu wa 2018 hadi 2019, na muda uliobaki ukaachiwa miguu. Sinitsina ana mstari mrefu na goti laini. Ukimlazimisha awe Ilinykh unapoteza vyote viwili. Fedha ya dunia huko Saitama ikaja mwezi Machi 2019.

Januari 2020, Ubingwa wa Ulaya huko Graz, wakawashinda Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron wa Ufaransa, waliokuwa hawajafungwa Ulaya tangu 2015. Baada ya dansi ya mdundo, sehemu ya kwanza ya shindano, walikuwa nyuma kwa pointi 0.05. Jumla ikaisha 220.42 dhidi ya 220.28, tofauti ya 0.14. Ngazi moja ya hatua ina thamani kubwa kuliko hiyo. Watu waliona bahati. Mimi naona jozi iliyofikia mahali ambapo haipotezi ngazi. Ubingwa wa Dunia wa mwaka huo huko Montreal ulifutwa kwa sababu ya korona. Machi 2021 Stockholm wakatwaa taji kwa 221.17, zaidi ya pointi 6 mbele ya Hubbell na Donohue wa Marekani. Ni kweli Wafaransa hawakushiriki msimu ule, na atakayeliandika taji hilo bila kusema hivyo hawatendei haki wasomaji wake. Ila 221.17 ni alama inayojisimamia.

Olimpiki ya Beijing 2022 Wafaransa walirudi na kuwapita kwa pointi 6.47. Fedha. Hapo sina malalamiko, Papadakis na Cizeron walikuwa bora. Medali ya timu ndiyo inayouma: Sinitsina na Katsalapov walicheza dansi zote mbili, Urusi ikamaliza ya kwanza, kisha Januari 2024 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikatoa hukumu ya dawa zilizopigwa marufuku dhidi ya mwenzao wa timu, Kamila Valieva, na ISU, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ikapanga upya matokeo: Marekani dhahabu, Japani fedha, Warusi shaba. Pointi za dansi hazikuguswa. Kwangu hukumu ya dawa lazima iheshimiwe, na vilevile kazi ya wacheza dansi isisomwe kana kwamba nayo ilikuwa na doa.

Kuanzia tarehe 1 Machi 2022 ISU iliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, na Beijing ikabaki kuwa shindano lao la mwisho la kimataifa. Baadaye wakaoana.

Anayetaka kupima haya yote kwa macho yake ana njia rahisi. Finnstep, dansi ya kwikstepu iliyobuniwa na Wafini Susanna Rahkamo na Petri Kokko katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa ya lazima kwenye dansi fupi (jina la zamani la dansi ya mdundo) ya msimu wa Sochi na tena kwenye dansi ya mdundo ya msimu wa Graz. Hatua ni zile zile, mwanamume ni yule yule, wenza wawili tofauti. Zima sauti, tazama chini ya magoti tu, na uangalie mambo mawili: nafasi kati ya miguu yao wanapogeuka wakiwa wameshikana, na kama magoti manne yanakunjika kwa pamoja au mawili yanatangulia. Kisha tazama migeuko inapoishia, uone nani anatoka nayo kwa kasi aliyoingia nayo.