Broglio alitaka kuipima hewa

Luigi Broglio anakumbukwa zaidi kwa majukwaa aliyoyasimamisha baharini karibu na Malindi, ambako Italia ilirushia satelaiti. Kwa maoni yangu, kumbukumbu hiyo inampunja. Profesa huyo wa uhandisi wa anga wa Roma, ambaye pia alikuwa afisa wa jeshi la anga, alikuwa na swali la kisayansi kabla hajawa na jukwaa: hewa iliyo juu kabisa ina msongamano gani?

Kabla yake, wataalamu walilikadiria jibu kwa kufuatilia jinsi satelaiti zilivyokuwa zikishuka siku baada ya siku, njia ambayo ilitoa wastani tu. Broglio alibuni satelaiti ya umbo la tufe, yenye kipenyo cha sentimita 66 hivi, ambayo gamba lake jepesi liliunganishwa na kiini kizito kwa mikono inayonyumbuka. Hewa, hata ikiwa haba kiasi gani, hulikawiza gamba kuliko kiini. Mikono hupinda kidogo, na kupinda huko ndiko kunakopimwa, papo hapo satelaiti inapopita. Mimi naona huu ndio ubunifu wake mkubwa.

Satelaiti hiyo, San Marco 1, ilirushwa tarehe 15 Desemba 1964 kutoka Wallops, Virginia. Roketi, Scout, ilikuwa ya Marekani, lakini walioirusha walikuwa Waitalia waliofunzwa na NASA, ilhali satelaiti za kwanza za Uingereza na Kanada zilirushwa na Wamarekani wenyewe. Anayembeza kwa roketi ya kuazima asahau kidogo fahari ya taifa na ahesabu miaka ambayo ingepotea kwa kuunda nyingine. San Marco 2 ilifuata tarehe 26 Aprili 1967, safari hii kutoka Malindi, takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, ikaenda kuipima hewa ya ukanda huo.

Tarehe 12 Desemba 1970, timu yake ilirusha Uhuru, satelaiti ya NASA iliyoorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya Broglio kufariki. Sidai kwamba wangegawana tuzo, kwa kuwa kurusha si kugundua. Hata hivyo, Uhuru ilipaswa kuzunguka karibu na Ikweta ili iepuke mionzi mikali iliyo angani juu ya kusini mwa Atlantiki, ambayo huvuruga vipimo, na kati ya vituo vilivyorusha Scout, ni cha Broglio pekee kilichokuwa huko.