Bunduki ndogo ya .22: ina nafasi gani huku Kusini?

Mpwa wangu alinitumia video kwa WhatsApp. Vijana wa Marekani wamepanga makopo juu ya gogo, wanayaangusha moja moja kwa bunduki nyembamba inayolia kidogo tu, kama kuni mbichi inayopasuka motoni. Chini yake aliandika: "Shikamoo mjomba. Hii si kama ile bunduki ya upepo tu? Tukianzisha klabu ya kulenga shabaha hapa Mtwara, kuna ubaya gani?" Kwetu, kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, mpwa akiuliza, mjomba hajibu juujuu. Jibu langu limekuwa refu kuliko alivyotarajia, na naliandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayetazama video hizo.

Bunduki yenyewe ni ya .22, yaani risasi yake ina kipenyo cha karibu milimita 5.6. Anayelijua gobore ataielewa upesi. Kwenye gobore unashindilia baruti na vyuma kupitia mdomoni, kisha unaweka fataki kwa nje ili nyundo iigonge. Kwenye bunduki nyingi za kisasa fataki imepachikwa katikati ya kitako cha ganda la risasi. Kwenye .22 imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako hicho, na pini hugonga ukingo. Ili ukingo ubonyee, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halihimili baruti nyingi. Udogo wa nguvu yake unatokana na hapo, na urahisi wa bei yake pia. Aina inayotumika zaidi, .22 Long Rifle, ipo tangu 1887 na haijapitwa na wakati.

Kinachowavuta watu kinaeleweka. Marekani risasi moja ya .22 huuzwa kwa senti chache za dola, wakati ya bunduki kubwa ya kuwindia inaweza kupita dola nzima. Mtu anafyatua mia moja kwa mchana mmoja bila kufilisika. Bunduki haimpigi teke begani, kwa hiyo mwanafunzi hajifunzi kufumba macho kabla ya mlio, kosa ambalo likishazoeleka huchukua miezi kuliondoa. Mwanamke mwembamba, mzee mwenye mabega mabovu, kijana anayeanza, wote wanaimudu. Katika miaka kumi hivi iliyopita mashindano ya .22 kwa masafa marefu yameenea sana kule, kwa sababu risasi hii ni ya polepole, hata upepo mdogo huiyumbisha. Anayetaka kujifunza kusoma upepo anajifunza kwa mita 100 kile ambacho kwa bunduki kubwa angehitaji mita mia kadhaa kukiona.

Tena ni mchezo wa Olimpiki. Mlengaji wa mita 50 hutumia .22, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, sawa na punje ya hindi. Anayeligonga mara kwa mara anajua kupumua, kusubiri na kunyamaza. Mimi nilishika bunduki kwa mara ya kwanza nikiwa JKT, na nilichobaki nacho hadi leo ni utulivu ule wa sekunde tatu kabla ya kufyatua. Sitaki kuudharau. Vijana wetu wana mpira wa miguu, wana bodaboda na wana simu. Mchezo unaomtaka mtu atulie kabisa hawana.

Lakini neno lile la mpwa wangu, "kama ya upepo tu", ndilo lililoninyima usingizi. Bunduki ya upepo ya mashindano husukuma kidonge chake kwa nguvu ya jouli 7 hivi. Ya .22 inafika jouli 140 hadi 180. Ni kweli kwamba hiyo ni ndogo mbele ya bunduki ya kivita ya SMG, ambayo hufika karibu 2,000. Ila mwili wa binadamu haupimi hivyo. Seneta Robert Kennedy aliuawa mwaka 1968 kwa bastola ya .22. Rais Reagan alinusurika kufa mwaka 1981 kwa bastola ya risasi hiyohiyo. Udogo wa mlio unamfanya mtu alegeze tahadhari ambazo asingelegeza akiwa na bunduki nzito, na hapo ndipo watu huumia.

Sasa ichukue bunduki hiyo uilete kwetu. Risasi ya .22 ikirushwa juu kidogo huweza kusafiri karibu kilomita moja na nusu. Uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, ni tambarare kwa sehemu kubwa, na mikorosho yake imepandwa kwa nafasi, hivyo risasi inapita kati ya miti. Msimu wa korosho kina mama na watoto wameinama chini ya miti hiyo wakiokota, huwaoni hadi uwakaribie. Makopo juu ya gogo yanataka kilima nyuma yake. Wengine watasema basi twende ufukweni Shangani, tulenge baharini. Hapana. Risasi ya .22 ni laini na ya polepole, ikigusa maji kwa pembe ndogo hudunda na kuendelea mbele, na bahari yetu maji yakitoka ina watu: wanaochokoa pweza, wanaokusanya chaza, wavuvi kwenye ngalawa.

Hilo ni la usalama wa kawaida. Kuna la pili ambalo ni letu zaidi. Mkoa wa Lindi umepakana na Selous, na kila mtu wa Liwale anajua bunduki zimefanya nini kule. Tembo wa Selous walikuwa zaidi ya laki moja miaka ya 1970. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Mwaka huohuo ikaja Operesheni Tokomeza ya kupambana na ujangili, ikasitishwa baada ya malalamiko ya wananchi kuteswa na kuporwa mali, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Tembo hauawi kwa .22, nakubali. Lakini paa, digidigi na kanga wanauawa, tena kwa mlio usiofika mbali, na mnyama aliyejeruhiwa kwa risasi ndogo hukimbia na kufia porini bila faida kwa yeyote. Mwindaji haramu akipewa nafasi ya kuchagua kati ya gobore linalolia kama radi na .22, sioni kwa nini achague gobore.

La tatu ni mpaka. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilivamiwa na wapiganaji waliotoka Cabo Delgado, Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Kwa mwananchi wa kule, milio ya risasi Jumamosi asubuhi haiwezi kuwa burudani ya jirani. Ni ishara ya kukimbia. Nimewasikia vijana wa mjini wakisema huo ni woga wa kizamani, na nadhani wanakosea, kwa sababu woga huo una miaka michache tu.

Je, haya yote yanatosha kusema mchezo huu usije kabisa? Hapa ndipo natofautiana na wenzangu wa rika langu. Uingereza ilipata msiba wa Dunblane mwaka 1996, watoto 16 na mwalimu wao wakauawa shuleni. Mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku karibu bastola zote za raia, za .22 zikiwemo. Bunduki ndefu za .22 ziliachwa, kwa cheti cha polisi na sharti la kuzifungia mahali salama, na klabu zinaendelea kulenga hadi leo. Nchi ile ilitenganisha chombo kinachofichika mfukoni na kile kisichofichika, ikatenganisha pia kulenga na kumiliki.

Kwetu ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna .22 inayoikwepa kwa sababu ya udogo wake. Anayeagiza mtandaoni akidhani ni kifaa cha michezo kama raketi atakutana na polisi. Kibali cha mtu binafsi kumiliki bunduki ya burudani nyumbani, Mikindani au Ruangwa, mimi siungi mkono. Nyumba zetu zina watoto wengi, wageni wengi na kabati lisilofungwa. Klabu ni jambo jingine: bunduki tano au sita zinalala kwenye ghala la silaha linalosimamiwa, risasi zinahesabiwa zikitoka na maganda yanahesabiwa yakirudi, na mtu anakwenda nyumbani mikono mitupu. Gharama pia inagawanyika, maana risasi zikishafika huku kutoka nje hazitakuwa za senti chache, na maganda yake hayajazwi upya.

Uwanja unapatikana. Barabara zetu zimeacha mashimo makubwa ya kifusi yenye kuta za udongo pande tatu. Lenye ukuta mrefu, mbali na njia za mashambani, mawe yakiondolewa, linafaa kuliko uwanda wowote. Udongo wa ukuta huo uchekechwe kila baada ya muda, kwa sababu risasi nyingi za .22 ni risasi kwa maana zote mbili za neno, madini yenyewe yakiwa wazi, na madini hayo ni sumu. Watu wa uwanda wa Makonde wamehangaikia maji vizazi kwa vizazi. Wasije wakachafuliwa hata kidogo walichonacho.

Hata hivyo, nisingeanza na .22. Ningeanza na ileile ya upepo ambayo mpwa wangu aliitaja kwa kuidharau. Nayo ni ya Olimpiki, kwa mita 10, na alama kumi yake ni nukta ya nusu milimita. Ukumbi wa shule unatosha, ukuta wa nyuma ukiwa mzima, milango ya pembeni ikifungwa na mwalimu akiwepo. Nayo isishikwe kabla ya kuuliza polisi, maana nayo hutoboa jicho.

Nilimwandikia hivyo. Akanijibu kwamba kwenye video hakuna anayelenga nukta, wote wanaangusha makopo, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Nikamwambia aje likizo, tutafute kwanza shimo la kifusi, tusimame ndani yake tukague nyuma ya ukuta kuna shamba la nani.