Tukiacha Treni, Tuache na Mlima

Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kukwangua tope la Jumapili kwenye buti zangu, nilikuta pendekezo kwenye kundi la WhatsApp la kikundi chetu cha kutembea milimani, kaskazini mwa England: kuanzia mwezi ujao matembezi yetu yafanywe kwa magari, tuegeshe mahali pamoja, tuzunguke mlima na kurudi tulipoanzia, kwa kuwa “mambo ya treni yanatupotezea muda”. Kufikia adhuhuri watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kuliunga mkono kwa vidole gumba, akiwemo mzee wetu mmoja ambaye safari nzima alilala fofofo akiwa ameegemea dirisha la treni hiyohiyo. Nilijizuia kwa siku tatu nisijibu kwa hasira, na sasa siku tatu zimekwisha.

Kilichotokea kinajulikana, wala sitakikana. Treni ya jioni ilichelewa dakika arobaini, nasi tulikuwa tumesimama kwenye jukwaa la kituo cha Dent, kwenye mwinuko wa mita 350, kituo kilicho juu kuliko vyote katika reli kuu za England, mahali ambapo wajenzi walilazimika kusimamisha uzio wa mataruma ya zamani juu ya kilima ili kuzuia theluji isifukie njia. Upepo wa pale haubishi hodi. Chai ilikuwa imekwisha, mandazi yalikuwa yamekwisha, na dada mmoja wa Mombasa aliapa kwa sauti ya kusikika bondeni kwamba hatarudi tena. Haya yote ni kweli. Lakini jioni moja ya baridi haitoshi kuwa sababu ya kuua kitu chema kuliko vyote katika kikundi chetu.

Tukumbuke tulivyotembea siku ile. Tulishuka kwenye kituo cha Ribblehead, tukapita chini ya daraja lenye matao 24, ambalo kila nguzo yake ya sita ni nene kuliko nyingine ili likibomoka tao moja yasianguke yote kwa mfuatano. Tulipita kile kibanda cha ishara za treni kilichojitenga nyikani, tukapanda nyika ya Blea Moor juu ya handaki lenye urefu wa kilomita 2.4, na kila tulipofika kwenye bomba la matofali la kuingiza hewa tulijua kwamba reli iko chini ya nyayo zetu, mbali ardhini. Kisha tukateremka upande wa pili hadi Dent Head, tukafuata bonde, na mwisho tukapanda ile barabara katili inayotoka Cowgill kwenda kituoni, tukihema kama punda wa Lamu wenye shehena ya mawe. Tulianza katika bonde moja tukamalizia katika jingine, na katikati tulivuka mgongo wa nchi kwa miguu yetu wenyewe.

Huko ndiko kutembea, nami sioni namna ya kupata kutembea huko kwa gari. Gari ni kamba ya mbuzi: utazunguka utakavyo, lakini jioni lazima urudi kwenye kigingi chako, na yale uliyoyaona asubuhi utayaona tena ukiwa umechoka. Anayetoka kituo kimoja kwenda kingine hana nyuma ya kurudi. Ana mbele tu, pamoja na saa ya treni inayomngoja. Ni saa hiyo inayotufanya tuwe kikundi. Kwa sababu treni ni moja, mwenye mbio hujifunza kumsubiri mwenye goti bovu, anayependa kupiga picha kila kondoo huhimizwa kwa upole, na hakuna bwana mkubwa anayeweza kutangaza saa saba mchana kwamba yeye ametosheka na anarudi nyumbani na abiria wake wanne. Mwaka jana tulikwenda kwa magari mara moja tu, ile siku reli ilipokuwa ikifanyiwa matengenezo, na tulirudi tukiwa makundi matatu yasiyosemezana.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni jambo ambalo nadhani wenzangu hawalijui, maana wangelijua wangeona haya kidogo kabla ya kubonyeza vile vidole. Vile vituo vipo kwa sababu ya watu wenye buti za matope. Reli hii, ya kutoka Settle hadi Carlisle, ilifunguliwa kwa abiria mwaka 1876, baada ya ujenzi ulioua watu wengi kwa ajali na kwa ndui. Zaidi ya 200 miongoni mwa wajenzi na jamaa zao, wakiwemo watoto, walizikwa katika uwanja mdogo wa kanisa la Chapel-le-Dale, mwendo mfupi tu kutoka mahali tuliposhukia. Karibu miaka mia moja baadaye, Mei 1970, vituo vyote vya kati vilifungwa, vikabaki Settle na Appleby. Treni zikawa zinapita Dent na Ribblehead bila kusimama, kama mtu anayempita nduguye maskini sokoni.

Waliovifungua tena walikuwa watembeaji. Mwaka 1975 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales ilianza kukodi treni za mwisho wa juma, zilizopewa jina la DalesRail, ili zishushe watu kwenye vituo vilivyofungwa wakatembee milimani na kuchukuliwa jioni. Treni ziliendelea kuja, na watembeaji wakaendelea kujitokeza. Shirika la reli lilipotaka kuifunga njia nzima katika miaka ya 1980, likidai kwamba kulikarabati daraja la Ribblehead kungegharimu mamilioni yasiyo na faida, lilikuta watu wamekwisha kuizoea, na watu waliozoea kitu si rahisi kuwanyang'anya. Vituo vinane vilirudishiwa treni za kawaida mwaka 1986. Safari za abiria, zilizokuwa 93,000 mwaka 1983, zilifika 450,000 mwaka 1989, na tarehe 11 Aprili mwaka huo serikali ikasalimu amri. Waliopinga kufungwa kwa njia hiyo walikuwa maelfu, na miongoni mwa saini zao ilikuwemo alama ya unyayo wa mbwa aitwaye Ruswarp, iliyokubaliwa kwa hoja kwamba naye alikuwa abiria anayelipiwa nauli. Mbwa alitia saini. Sisi tunaona taabu kungoja dakika arobaini.

Labda ninalichukulia jambo hili kwa uchungu kupita kiasi, na sababu naijua. Bibi yangu alikuwa akiteremka milima ya Taita hadi kituo cha Mwatate akiwa na mzigo kichwani, kwenye ile reli ya Voi hadi Taveta iliyojengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwake njia ya mlima hadi kituoni haikuwa burudani. Ilikuwa ndizi, mboga na karo ya baba yangu. Treni ile ya abiria ilipokoma, hakuna aliyemwuliza bibi atapitaje, wala hakuna karatasi aliyoletewa aweke hata alama ya kidole gumba. Ndiyo maana kila ninaposhuka kwenye kituo kisicho na mji wala duka, nikiona taa zimewashwa na jukwaa limefagiwa, huwa naona kitu ambacho kwetu kilikwisha.

Basi niwape wapinzani wangu haki yao, ingawa kwa shingo upande. Nauli ya familia yenye watoto watatu ni mzigo. Jumapili treni ni chache, na ukikosa moja umeula wa chuya. Dada wa Mombasa ana haki ya kuchukia upepo. Mwenye mtoto mchanga au mguu mbovu aje na gari, tumpokee kituoni kwa chai, wala asisemwe. Lakini huo ni msamaha wa wachache, na pendekezo linataka kuufanya kanuni ya wote, ili watu wazima wenye miguu mizima waegeshe magari kumi kando ya daraja lililookolewa na abiria, wapige picha treni ikipita, kisha waniandikie kwamba treni inapoteza muda.

Nami naleta pendekezo langu. Safari ijayo tushuke kituo cha Garsdale, tupande mlima wa Wild Boar Fell wenye mita 708, na tumalizie kituo cha Kirkby Stephen, ambacho nacho kiko mbali na mji wake, kwa hiyo atakayelalamika aanze mapema. Nitabeba chupa mbili za chai badala ya moja, na blanketi. Pale Garsdale, jukwaani, ipo sanamu ya shaba ya Ruswarp, iliyowekwa mwaka 2009. Yule mbwa alikaa majuma kumi na moja kando ya maiti ya bwana wake, Graham Nuttall, mmoja wa waliopigania reli hii, aliyefia milimani huko Wales mwaka 1990. Tutakusanyika hapo kwa sanamu kuhesabiana, kisha tutaondoka. Tiketi yangu nimekwisha kuikata.