Viti vitatu vya Lagos: kura iliyojenga chama kisha ikakipasua

Septemba 1923 sehemu ndogo ya wakazi wa Lagos ilikwenda kuchagua watu watatu wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Nigeria. Calabar, mji wa bandari upande wa mashariki, ulipewa kiti kimoja. Basi, uchaguzi ndio huo. Kwingine kote hakuna aliyepiga kura, na Kaskazini haikuwa hata chini ya baraza hilo, kwani huko gavana alitunga sheria peke yake. Katiba ya Gavana Hugh Clifford ya 1922 iliweka wajumbe 46, na 27 kati yao walikuwa maofisa wa serikali. Hata wale wanne waliochaguliwa wangewavuta upande wao wajumbe wote wasio maofisa, serikali ingewashinda tu.

Ndiyo maana wapo wanaouita uchaguzi ule kiini macho, na hoja yao si nyepesi. Mpiga kura alipaswa kuwa mwanamume mtu mzima, awe ameishi mjini miezi 12, na awe na kipato cha pauni 100 kwa mwaka. Mji ulikuwa na watu karibu 100,000, na waliotimiza masharti hayo walikuwa elfu chache: mawakili, madaktari, wafanyabiashara, makarani wenye vyeo. Wanawake wa masokoni, waliokuja kuongozwa na Alimotu Pelewura na waliokuwa nguzo ya Herbert Macaulay mitaani, hawakuwa na kura. Macaulay mwenyewe, mwanzilishi wa chama cha NNDP (Nigerian National Democratic Party), alizuiwa kugombea kwa sababu aliwahi kuhukumiwa kifungo. Mwanasiasa mkubwa kuliko wote mjini akabaki kuwapigia debe wengine.

Wanaoutetea uchaguzi ule husema: bila viti hivyo, chama kingetoka wapi? NNDP iliundwa mwaka huohuo wa 1923, na iliundwa kwa ajili ya kura. Magazeti ya Lagos yakapata watu wa kuwahoji na kuwasema. Mtawala wa jadi wa mji, Eshugbayi Eleko, alipoondolewa madarakani na kuhamishwa mwaka 1925, suala lake halikuachwa life. Lilipiganiwa mahakamani mpaka London, na mwaka 1931 akarudi nyumbani. Sidai kwamba kura ndiyo iliyomrudisha. Lakini chama kilichozoea kwenda nyumba kwa nyumba kutafuta kura kinajua pia kukusanya watu na fedha kwa ajili ya kesi.

Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinatazama nani alipiga kura na kusahau namna kura zilivyopigwa. Lagos ilikuwa jimbo moja lenye viti vitatu, na mpiga kura aliweza kuchagua watu watatu. Katika mpango huo chama chenye wafuasi wengi kidogo kuliko mwenzake hakipati viti viwili kikamwachia mpinzani kimoja. Kinazoa vyote. NNDP ilizoa vyote 1923, ikarudia 1928 na 1933. Mwaka 1938 vijana wa chama cha Nigerian Youth Movement wakawafanyia wazee vilevile. Wafuasi wa NNDP hawakutoweka usiku ule, ila barazani hawakuwa na mtu.

Hilo ni kosa la mfumo. Ila mfumo huohuo ulikuwa na faida isiyosemwa sana: viti vitatu vinaruhusu mseto. Orodha ya 1923 ilikuwa na Egerton Shyngle, wakili mwenye asili ya Gambia, Dkt. Adeniyi-Jones, mwenye asili ya Freetown, na wakili Eric Moore. Chama hakikulazimika kusema nani ni wa kwanza.

Hatari ilikuja kilipobaki kiti kimoja. Mwaka 1940 Kofoworola Abayomi, mmoja wa washindi wa 1938, alijiuzulu aende kusoma zaidi, na uchaguzi mdogo ukafuata 1941. Ernest Ikoli, Mwijaw, na Samuel Akinsanya, Mwijebu (Waijebu ni tawi la Wayoruba), wote wa Nigerian Youth Movement, walikitaka. Chama kikampitisha Ikoli. Akinsanya akasimama kama mgombea binafsi, akashindwa, na mwanasiasa Mwigbo Nnamdi Azikiwe, aliyekuwa upande wake, akajitoa chamani pamoja na wengi. Kisa hiki husimuliwa kama mwanzo wa siasa za ukabila Nigeria. Lakini Obafemi Awolowo, mwanachama mwenzao na Mwijebu kama Akinsanya, alimuunga mkono Ikoli. Ukabila ulikuwepo, sikatai. Ila kama viti vingekuwa vitatu, wawili hao wangekaa kwenye orodha moja na ugomvi ungesubiri.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka kura tatu za 1958. Kila jimbo la Tanganyika lilikuwa na viti vitatu, na mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura iliharibika. TANU ilikaribia kupasuka Tabora Januari 1958 kwa sababu ya sharti hilo, na Zuberi Mtemvu akaondoka kuanzisha chama chake. Wengine huuona ushindi uliofuata kuwa busara ya Nyerere tu. Busara ilikuwepo, lakini hesabu ya Lagos nayo ilifanya kazi: mwenye orodha kamili na wafuasi watiifu huzoa vyote. Isitoshe, kila kiti kilitengewa rangi yake, kwa hiyo kwenye orodha moja wagombea wa TANU hawakugombania nafasi.

Lagos haikuwa na kinga hiyo. Mwaka 1951 ilichagua wajumbe watano wa bunge la Jimbo la Magharibi, wote wa NCNC, chama cha Azikiwe, naye mwenyewe akiwemo. Bunge hilo, ambamo Action Group, chama cha Awolowo, kilikuwa na wingi, lilitakiwa kuchagua wawili kati yao waende bunge la nchi nzima. NCNC ilimtaka Azikiwe aende, lakini Adeleke Adedoyin na Ibiyinka Olorun-Nimbe nao hawakukubali kumpisha, na Action Group ikawapa wao kura. Azikiwe akakwama Ibadan, makao ya bunge hilo, kama kiongozi wa upinzani, kisha akahamia Jimbo la Mashariki, ambako Eyo Ita, kiongozi wa serikali ya huko, alisukumwa pembeni.

Wengi hulisoma tukio hilo kama Wayoruba kumkataa Mwigbo, na kura za Action Group zinawapa ushahidi. Lakini waliogoma walikuwa wa chama chake, waliochaguliwa pamoja naye siku moja na watu walewale. Kila mmoja aliweza kusema kwamba Lagos imemtuma, na asingekuwa amesema uongo, kwa sababu hakuna mpiga kura aliyewahi kuulizwa nani kati ya watano hao atangulie.