Kabla ya Kuhubiri Haki, Marekani Ikague Mkoba Wake

Huku Minnesota ninakoishi, raia akiwa na neno na serikali yake humwandikia mwakilishi wake bungeni, na ofisi ya mwakilishi huyo humjibu, hata kama jibu lenyewe ni barua ile ile waliyopelekewa watu wengine mia. Kwetu Amu, yaani Lamu katika pwani ya Kenya, mzazi ambaye mwanawe amechukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha huanzia kituo cha polisi, akaambiwa hayumo. Huvuka bahari hadi Mokowe, upande wa bara, akaambiwa hajulikani. Mwishowe hufunga safari ya Mombasa kutafuta watetezi wa haki wa kumwandikia malalamiko. Kwa kuwa nimeyaona yote mawili, kila nikisikia kwamba Marekani inatetea haki za binadamu duniani, husikiliza kwa makini, na mara nyingine kwa kero.

Simo miongoni mwa wanaosema kwamba mambo yetu hayawahusu wageni. Yanawahusu, kwa sababu wamo ndani yake. Wanajeshi wa Marekani wako Manda Bay, kambi ya kijeshi huko kwetu Lamu, ambako Wamarekani watatu waliuawa katika shambulio la Al-Shabaab la tarehe 5 Januari 2020, na kwa miaka mingi fedha na mafunzo ya nchi hiyo vimekuwa vikiingia katika vyombo vya usalama vya Kenya. Anayefadhili na kufundisha hawezi kujiita mtazamaji.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria ya kulishughulikia jambo hili wanayo. Tangu mwaka 1997 wana sheria inayoitwa kwa jina la Patrick Leahy, aliyekuwa seneta wa Vermont, inayokataza msaada wa Marekani kupewa kikosi chochote cha usalama cha nchi ya nje ikiwa kuna habari za kuaminika kwamba kikosi hicho kimeua watu, kimewatesa au kimewateka na kuwapoteza. Uzuri wake ni kwamba haiihukumu nchi nzima, bali inauliza habari za kikosi fulani na kitendo fulani. Udhaifu wake ni huo huo: watu wasiojitambulisha, waliokuja kwa gari lisilo na nambari, ni wa kikosi gani? Mama wa Langoni, mtaa wa mji wa Amu, atakijuaje, na hata akikijua, nani atampokea ubalozini Nairobi? Sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu kama yeye inamtaka alete ushahidi ambao wenye kuushikilia ni wale wale anaowalalamikia.

Badala ya kuitilia nguvu sheria hiyo, tumezoea kupewa ripoti. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huchapisha kila mwaka taarifa ya haki za binadamu kwa kila nchi, na ile ya Kenya imetaja mara kwa mara mauaji na upotevu wa watu mikononi mwa polisi. Sizidharau, kwani zimesaidia mawakili na waandishi wa habari. Lakini zile zilizotolewa Agosti 2025 zilifupishwa sana, na baadhi ya sura zikaondolewa kabisa. Kumbe hata kalamu hufuata upepo wa ikulu.

Kisha kuna makaa ya mawe, na hapa ndipo Waamu walipouona utetezi huo kwa macho yao. Mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa pale Kwasasi ulipingwa na wavuvi na wazee wa mji kwa sababu ya bahari, hewa na afya zao, na kampuni ya Marekani ya General Electric ilikuwa imekubali kuingia humo. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Balozi wa Marekani wa wakati huo, Kyle McCarter, alijitokeza hadharani kuyatetea makaa. Haki ya watu kuulizwa kabla ya kujengewa mtambo mlangoni pao ililindwa na mahakama ya Kenya, kama vile Mahakama Kuu ya Malindi ilivyoagiza mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Nairobi nayo isijifiche nyuma ya unafiki wa Washington. Aprili 2015 mashirika ya kutetea haki za binadamu ya pwani, MUHURI na Haki Africa, yalitajwa na serikali ya Kenya kuwa washukiwa wa ugaidi na akaunti zao zikafungwa, hadi Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoyasafisha mwaka huo huo. Hayo hayakuamriwa na balozi yeyote.

Kwa hiyo barua ninayomwandikia mwakilishi wangu haimwombi aikemee Kenya. Inamwuliza ni vikosi vipi vinavyofanya kazi pwani yetu vimefunzwa kwa kodi ninayokatwa huku, vilichunguzwa na nani, na kama mchunguzi huyo aliwahi kuketi na hata familia moja ya Lamu kabla ya kutia saini.